Uchambuzi wa kisa: vani ya otomatiki iliyovutwa kwa baa ya chuma kutoka Mombasa hadi Nairobi

Majina nimetoa, namba ya gari nimetoa, na yadi ilikonunuliwa sitaitaja. Wahusika wanajua naandika. Mimi kwenye hiki kisa ni fundi aliyepigiwa simu safari ikiwa imefika katikati, kwa hivyo mambo mengine niliyasikia kwa simu, mengine nikaambiwa baadaye tukiwa garage, na mengine nikajionea mwenyewe nikiwa nimelala chini ya gari na tochi mdomoni. Hesabu za pesa ni za mnunuzi, anaziandika kwa kitabu cha shule, kila shilingi.

Hali ilivyokuwa

Mnunuzi ni mzee wa Eastlands, Nairobi, anayesambaza mikate na maziwa madukani kuanzia saa kumi alfajiri. Alikuwa na kigari kidogo kikachoka, akataka vani ya maana, HiAce ya mgongo mrefu, injini ya dizeli ya lita 3, ile body ambayo matatu nyingi hapa mjini zinatumia. Nairobi alikuwa ameonyeshwa moja inayotembea vizuri kwa 1,050,000 na mwenyewe hataki kushuka. Alafu broka mmoja akamtumia picha za nyingine iko Mombasa, 780,000, safi nje na ndani, ila "inapandisha joto kidogo, ni redieta tu boss".

Akashuka Mombasa na shemeji yake, kaka wa mkewe, wakaiangalia Ijumaa. Iliwashwa dakika chache, ikazimwa. Maji ya redieta yalikuwa na utando wa mafuta juu, na mzee hakatai kwamba aliuona. Akapiga hesabu kwamba hata kama ni gasketi ya hedi imeenda, ile ya kuziba kati ya hedi na bloki ili maji na mafuta visichanganyike, injini itafunguliwa Nairobi kwa kama laki moja hivi, bado atakuwa mbele. Hesabu yenyewe haikuwa ya kijinga. Rekodi za gari aliangalia kwanza, mwenye gari akalinganishwa na logbuku na kitambulisho, makubaliano ya kuuziana yakaandikwa na kusainiwa, akakata na bima ya mwezi mmoja. Jumamosi saa sita mchana pesa ikaenda yote.

Saa saba ndio shemeji akauliza, "Sasa hii tunaifikisha Nairobi aje?"

Maamuzi, na sababu zao

Mbele yao kulikuwa na njia nne, na nazitaja zote kwa sababu kila moja ilikuwa na maana yake.

Kuitengeneza hapo hapo Mombasa walikataa, wangelala siku kadhaa na hawamjui fundi yeyote wa kumuamini na hedi. Kuiendesha pole pole huku wakiongeza maji walikataa pia, na hapo walikuwa sawa kabisa. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480 na kitu, unatoka usawa wa bahari unamalizia zaidi ya mita 1,600 juu, na injini yenye gasketi mbovu kwa hiyo barabara unaenda kuipinda hedi ama kuiua yote.

Zikabaki mbili. Flatbedi, yaani lori la mgongo bapa ambapo gari linapandishwa lote, waliambiwa 65,000. Ni pesa mingi lakini ina sababu, mizigo mingi inatoka bandarini ikipanda bara na malori yanashuka matupu, kwa hivyo mwenye lori akiwa Mombasa hana shida ya kutafuta kazi ya kupanda, hana haraka na wewe. Ya mwisho ilikuwa pikap ya kuvuta kwa baa ya chuma, 28,000 mafuta ndani. Dereva wa pikap alikuwa mtu mzima, mtaratibu, na maneno yake mzee anayakumbuka hadi leo: "Nimevuta nissan za matatu kutoka hapa hadi Nairobi sijui mara ngapi. Weka nyutro, mtu mmoja ashike usukani, twende."

Nataka tumheshimu huyu dereva kidogo kabla ya kumrukia. Hakuwa anadanganya. Amevuta kweli, na zilifika kweli. Lakini matatu nyingi alizovuta ni za gia ya mkono, na kwa gia ya mkono mafuta yamekaa ndani ya boksi, hayategemei pampu, kwa hivyo safari ndefu ya kuvutwa linaivumilia mara nyingi. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli ila wa gari lingine. Na hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakuangalia, kama hii ni otomatiki.

Mzee akaona tofauti ya 37,000 akachagua pikap.

Safari ilivyoenda

Jumapili saa kumi na moja na nusu asubuhi wakatoka, shemeji ndani ya vani, mzee mbele na dereva. Funguo ya vani ikawekwa ON ili usukani usijifunge. Hazadi, zile taa za kuonya za kupepesa, zikawashwa na zikaachwa zikipiga. Kumbuka hizo hazadi.

Mlima wa Mazeras wakapanda polepole, Mariakani wakapita, alafu kuanzia Samburu na Taru barabara ikanyooka na dereva akakaa spidi ya 60, mara zingine 70. Polisi waliwasimamisha mara mbili, wakaonyesha makubaliano, nakala ya logbuku, stika ya bima na laifseva, zile pembetatu za kuonya, wakaruhusiwa bila maneno. Karatasi zilikuwa kwa bahasha moja mkononi mwa mzee, na nimeona watu wakikwama masaa na gari halali kabisa kwa sababu karatasi ziko kwa simu iliyozima.

Voi wakafika saa tatu na kitu. Hapo shemeji akasema kuna harufu, kama mahindi yameungua. Dereva akazunguka gari, akagusa tairi zote na ringi, akasema breki hazijashika, tuendelee. Mzee naye akasema ni injini tu iliungua juzi yadi. Sasa fikiria, injini iko baridi tangu Ijumaa, imezimwa, na kuna kitu kinanuka moto. Hiyo ndiyo dakika ambayo kisa kingeishia kwa hasara ndogo, kama kilomita 150 hivi zilikuwa zimeshapita.

Wakaendelea. Manyani wakapita, wakaingia ile sehemu ya Tsavo ambapo hifadhi iko kulia na kushoto, mtandao unaenda na kurudi, na hapo ndio wakagundua hawakuwa wamekubaliana ishara yoyote kati ya pikap na vani isipokuwa kupigiana simu. Shemeji alitaka kusimama kujisaidia, akapiga honi mpaka akachoka, mbele hawasikii juu ya upepo na malori.

Mtito Andei wakasimama kunywa chai, kama saa sita kasorobo. Mhudumu wa hoteli ndiye aliwaambia gari lenu linakojoa. Mafuta mekundu, katikati ya gari, yanadondoka kwa lami. Hapo ndio simu yangu ikalia.

"Fundi, kuna mafuta mekundu yanatoka chini katikati, si kwa injini."

"Mzee, hiyo gari ni ya gia ya mkono ama otomatiki?"

"Otomatiki."

"Na propela mlitoa?"

Propela ni ile shafti ndefu chini ya gari inayotoka kwa gia boksi hadi difu, yaani gia za katikati ya tairi za nyuma. Mzee akanyamaza kidogo. "Tuliweka nyutro."

Nikamwambia asisogeze hata hatua moja. Nikaomba wanitafutie fundi hapo Mtito nikaongea naye moja kwa moja: fungua propela kwa difu, boliti nne, toa na ile bearing ya katikati, chomoa yote kutoka mkia wa gia boksi, alafu ziba mkia na nailoni nzito na mpira wa tube ufunge kabisa, kwa sababu mafuta yaliyobaki yatamwagika na mavumbi yataingia. Nikamwambia pia apige alama ya rangi kwa flenji kabla hajafungua. Akasema sawa. Kazi na bidhaa zikawa 3,000.

Waliondoka Mtito saa tisa propela ikiwa imelala nyuma ya vani. Jioni kama saa kumi na moja wako Makindu na mzee akaamua usiku hawatembei. Dereva alitaka kuendelea, alikuwa na kazi nyingine Jumatatu, lakini mzee akasimama imara. Wakala kwa hekalu la Masikh, pale Makindu msafiri yeyote analishwa bure, dengu na chapati, wakatafuta lodging. Chakula na vitanda vya hiyo safari yote vilikuja 4,200.

Kule Salama

Jumatatu asubuhi betri ya vani ilikuwa imekufa. Hazadi zimepiga siku nzima, funguo ON siku nzima, injini haijawaka ya kuchaji. Kwa hivyo vani haikuwa na hazadi, haikuwa na taa za breki, haikuwa na honi. Wakaona ni mchana, si shida, wakaendelea, Emali, Sultan Hamud.

Baada ya Sultan Hamud barabara inaanza vilima, unapanda unashuka unapanda. Kwa mteremko mmoja kabla ya Salama, lori mbele likapunguza ghafla. Dereva wa pikap akashika breki. Nyuma yake kuna vani ya karibu tani mbili, uzito sawa na pikap yenyewe, na breki zake ziko kwa mguu wa shemeji peke yake. Injini ikizimwa ule msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, unakanyaga na miguu yote na gari linapunguza kidogo tu. Usukani nao ni mzito vilevile. Na hii vani injini haikuwa imewaka tangu Ijumaa, kwa hivyo huo msaada ulikuwa umeisha zamani. Shemeji alikanyaga, kisha akakanyaga tena, pedali ikagoma. Vani ikasukuma baa, baa ikasukuma mkia wa pikap upande, pikap ikaanza kukaa mshazari barabarani. Dereva, na hapa nampa maksi zake zote, aliachilia breki kwa sekunde, akaelekeza pua kwa ukingo wa barabara na wote wakaishia kwenye majani. Lori lililokuwa nyuma ya vani lilipita likipiga honi, halikuwa limeona taa yoyote ya breki kwa sababu hazikuwepo.

Hakuna aliyeumia. Baa ilipinda. Shemeji alishuka akakaa chini ya mti na akasema hiyo vani harudi ndani hata iwe ya dhahabu.

Mzee akaita flatbedi kutoka upande wa Athi River, 24,000 hadi mlangoni. Lilifika saa nane, likavuta vani juu kwa winchi, na saa kumi na mbili jioni tulikuwa tunaishusha garage.

Hesabu ya mwisho

Hapa ndio tunagombana na mzee hadi leo. Pikap 28,000, fundi wa Mtito 3,000, chakula na kulala 4,200, flatbedi ya Salama 24,000. Jumla 59,200. Flatbedi ya Mombasa ilikuwa 65,000. Kwa hivyo yeye anasema aliokoa 5,800, na ukimwangalia usoni anaamini.

Alafu tukafungua. Injini ilikuwa vile alivyotarajia, gasketi imeenda, hedi ikapelekwa kwa mashine kunyooshwa uso, kila kitu 92,000. Gia boksi sasa. Bushi ya nyuma, ile pete ambayo shafti ya mkia inazunguka ndani yake, ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, sili ya mkia imekuwa ngumu kama plastiki, mafuta yaliyobaki meusi na yananuka, klachi za ndani zimeungua. Tukanunua boksi ya mtumba Grogan, kule kwa maduka ya spea Nairobi, na kufunga na mafuta mapya ikafika 95,000. Jumlisha gari lenyewe, 1,026,200. Ile ya Nairobi iliyokuwa inatembea ilikuwa 1,050,000. Na wiki tatu zilizoongezeka kwa sababu ya gia boksi peke yake alikuwa anakodi gari dogo la Probox kwa 3,000 kila siku ya kazi.

Kwa nini nyutro haikusaidia

Hii ndiyo sehemu watu wananibishia sana garage kwa hivyo naieleza polepole. Gari la kusukuma nyuma, yaani injini inazungusha tairi za nyuma, likivutwa na tairi zote chini, tairi zinazungusha difu, difu inazungusha propela, propela inazungusha shafti ya mkia wa gia boksi. Nyutro haikati hiyo njia. Nyutro inakata upande wa injini tu. Na kwa otomatiki pampu inayosukuma mafuta kulainisha ndani iko mbele, inazungushwa na injini. Injini imezimwa, pampu imelala, lakini nyuma kunazunguka kwa spidi ya 60 kwa masaa. Ni kukaanga bila mafuta. Vitabu vya magari mengi ya otomatiki vinaweka kikomo cha dharura, spidi ya chini kama 30 kwa saa na umbali mfupi usiozidi kilomita 80, na vingine vinakataa kabisa. Hawa walienda kama 250 kabla ya kusimama Mtito.

Kutoa propela kunatibu hilo kwa vani ya kusukuma nyuma pekee. Kuna hizo hizo HiAce za kusukuma tairi nne, body ni ile ile, na hizo zina propela ya mbele pia, usicheze, pandisha kwa flatbedi. Vani ndogo za kusukuma mbele unazivuta zikiwa zimenyanyuliwa tairi za mbele. Angalia chini ya gari kwanza, usiangalie sura.

Mzee ana hoja moja ambayo siwezi kuifuta. Anasema pengine gia boksi lilikuwa limeshakufa yadi, maana gari halikuendeshwa hata mita mia. Inawezekana lilikuwa limechoka. Lakini bushi ya mkia kuwa buluu na mbele kuwa na afya kidogo, hiyo ni alama ya joto lililotoka nyuma, na mimi nasimama hapo.

Kilichofanya kazi na kilichokosewa

Karatasi zilifanya kazi. Kukataa kuiendesha kulifanya kazi, injini ingekuwa ya kununua nyingine. Kulala Makindu kulifanya kazi, ule mteremko wa Salama usiku bila taa za nyuma sitaki hata kuuwaza. Kupiga simu kulifanya kazi ila kulichelewa masaa matatu, harufu ya Voi ilitosha.

Kosa kubwa kwangu si baa na si hata propela. Ni kwamba usafiri uliulizwa pesa ikiwa imeshatumwa. Gari lisilotembea lina bei mbili, ile ya yadi na ile ya kulifikisha, na muuzaji anashusha ya kwanza kwa sababu anajua ya pili utaibeba wewe. Mzee angesema Ijumaa "nalipa 780,000 ukiniletea Athi River", ama angeshikilia 65,000 hadi gari lifike, angekuwa na nguvu ya kuongea. Jumamosi saa saba hakuwa na nguvu yoyote, alikuwa mtu wa Nairobi aliyekwama Mombasa na gari bovu, na kila bei aliyopewa ilijua hivyo.

Kuna njia ya tano pia ambayo hakuna aliyeiwaza, na mimi mwenyewe ningekuwa pale sijui kama ningeiwaza. Yale matrela ya kubeba magari mapya yakitoka bandarini kwenda yadi za Nairobi mara nyingine hukosa gari moja la kujaza nafasi. Wengine wanakataa gari lisilowaka juu kulipandisha ni kazi, wengine wanakubali ukiongeza kitu kidogo. Kuuliza ni bure.

Na kama lazima ni baa, basi anayeshika usukani nyuma awe mtu aliyewahi kuvutwa, ajue pedali itakuwaje, na ajaribu kwa uwanja kabla ya barabara. Taa za nyuma ziwe za kufunga na waya kutoka pikap, msitegemee betri ya gari linalovutwa. Ishara ziwe za mkono ama taa, si simu. Spidi chini, na mteremko pikap ishuke kwa gia ndogo. Lakini kwa umbali wa Mombasa hadi Nairobi na vani ya tani mbili nyuma ya pikap, mimi singeenda hata hivyo vyote vikiwepo.

Gari liko wapi sasa

Linafanya kazi, kila alfajiri linabeba mikate. Tulipolirudisha barabarani lilikuwa linatetemeka kuanzia spidi ya 70 na mzee akaja moto akisema boksi la mtumba ni bovu. Nikaingia chini. Fundi wa Mtito hakuwa amepiga ile alama ya rangi, na sisi tulikuwa tumefunga propela kwa kukisia. Nikafungua zile boliti nne, nikageuza flenji nusu duru, nikafunga. Mtetemo ukaisha.